"Mimi Nilijua": Kwa Nini Matokeo Hayatoshi Kutufundisha Kuamua

Alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, redio zilisoma tangazo la gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini: wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, waondoke bila kukawia. Mtaa wetu wa Majengo ulikuwa kwenye orodha. Tulikusanya tulichoweza kubeba, tukafunga kwa kufuli mlango wa nyumba yetu ya mbao, tukaingia katika msururu wa watu waliokuwa wakielekea mji mdogo wa Sake, wengine juu ya malori, wengine nyuma ya motari wa pikipiki, wengi kwa miguu, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikiwa zimebebeshwa magodoro na sufuria mpaka msukumaji haonekani. Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita yaya kama ilivyo desturi ya hapa kwetu, alikataa kuondoka. Alikaa kwenye kiti mlangoni pake akasema kwamba mlima umekwisha kumaliza hasira zake na yeye hatoki.

Mlima haukulipuka tena. Mapema mwezi wa Juni serikali iliruhusu watu kurudi, nasi tukarudi na mtoto aliyekuwa ameharisha kwa siku nne katika darasa la shule tulimolala, tukamkuta yaya kwenye kiti kile kile. Neno la kwanza alilotuambia halikuwa "karibuni". Alisema: "Mimi nilijua."

Tangu siku hiyo maneno hayo mawili yalikuwa na nguvu ya sheria katika ukoo wetu. Jambo lolote lililohitaji uamuzi, iwe shule ya mtoto, kiwanja cha kununua au harusi ya kuahirisha, lilipelekwa kwa yaya, kwa sababu yeye ndiye aliyejua. Mimi mwenyewe niliamini kwamba nilikosea kuondoka, na kwa muda mrefu nilipofikiria siku zile niliona aibu, kana kwamba nilimpeleka mwanangu akaugue bure. Leo naamini kwamba mimi na yaya sote tulijifunza somo la uongo, na kwamba mtu anayetaka kweli kukua katika namna yake ya kuishi lazima kwanza ajue kutenganisha vitu viwili ambavyo macho yetu huviona kama kitu kimoja: ubora wa uamuzi na uzuri wa matokeo yake.

Ili kupima uamuzi wa asubuhi ile, hatuna budi kurudi kwenye asubuhi yenyewe na kuangalia yale yaliyokuwa yakijulikana wakati huo, bila kuchungulia yaliyokuja baadaye. Tulijua kwamba tarehe 17 Januari 2002 lava haikutoka kileleni bali katika nyufa zilizofunguka ubavuni mwa mlima, kuelekea kusini, ikapita katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Tulijua kwamba jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, lava ilikuwa imeshuka tena upande wetu, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Tulikuwa tukihisi ardhi ikitetemeka usiku na mchana kwa siku tano. Watoto walikuwa wamekwisha kuzoea kusimama katikati ya chumba na kusubiri. Nyufa zilikuwa zimeonekana barabarani na kwenye kuta. Wataalamu walikuwa wakisema kwamba vipimo vinaonyesha magma imo chini ya mji na chini ya ziwa. Na ziwa lenyewe si maji tu: Kivu limehifadhi katika kina chake kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 hivi za methani. Mwaka 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, lililo dogo mno ukilinganisha na letu, lilitoa gesi ya namna hiyo usiku mmoja na watu zaidi ya 1,700 wakafa wakiwa wamelala.

Mtu mwenye habari hizo zote mbele yake aamue nini? Tuseme, kwa ajili ya hoja tu, kwamba uwezekano wa mlipuko mwingine ulikuwa mmoja kwa kumi. Kuondoka kulikuwa na gharama ya hakika: usingizi wa sakafuni, fedha za usafiri, nyumba iliyoachwa kwa wezi, na mtoto kuugua. Kubaki hakukuwa na gharama yoyote katika mara tisa, na katika mara ya kumi gharama ilikuwa uhai wa nyumba nzima. Wahenga walikwisha kuifanya hesabu hii kwa maneno machache waliposema heri nusu shari kuliko shari kamili. Hebu tufikirie miji kumi kama Goma, kila mmoja ukiwa na yaya aliyekaa mlangoni. Katika miji tisa tutamsikia akisema kwamba alijua, na tutamheshimu. Katika mji wa kumi hatutasikia sauti yoyote. Sisi tuliosalia hukusanya hekima yetu kutoka kwa hao tisa, kisha tukaiita uzoefu.

Kwa hiyo kuondoka kulikuwa uamuzi mzuri, na mlima kunyamaza hakukuubadilisha kuwa mbaya. Hata hivyo kosa nililifanya, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ile aibu isiyo na msingi ilinificha aibu yenye msingi. Kwa siku tano ardhi ilinitetemekea miguuni na sikufunga hata begi moja. Dumu la maji safi halikuwepo. Dawa ya kuharisha ya mtoto, ambayo inauzwa kwa faranga chache katika kila duka la dawa la Goma, sikuinunua. Hatukuwa tumepatana tukutane wapi iwapo tutapotezana, na kweli tulipotezana, nami nilizunguka Sake kwa saa tatu nikitafuta mama watoto huku simu yake ikiwa imezimika kwa kukosa moto, yaani chaji. Hati za kuzaliwa za watoto zilibaki chini ya godoro. Makosa hayo yote yalikuwepo kabla matokeo hayajajulikana, na yangekuwa makosa vilevile hata kama mlima ungelipuka saa moja baada ya sisi kuondoka. Nilipokuwa nimejishughulisha na swali la kama ningebaki au ningeondoka, nilitoka na somo la "usiondoke tena". Somo la kweli lilikuwa "funga begi", na lilichukua miaka kunifikia.

Ndivyo inavyofaa kuwapima viongozi pia. Wapo wanaosema hadi leo kwamba tulikimbizwa bure, na wapo wanaojibu kwamba serikali haikukosea lolote. Mimi naona agizo la kuondoka lilistahili kutolewa, na naona pia kwamba watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 hawatumwi barabarani alfajiri moja bila maji, vyoo na mahema kuandaliwa huko waendako. Haya mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Yanagombana tu kichwani mwa mtu anayetaka matokeo yampe jibu moja kwa kila kitu.

Yaya si mwongo, na ningependa hilo lieleweke. Anaposema alijua, anakumbuka kweli kwamba alijua. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alilionyesha jambo hili katika tafiti alizochapisha mwaka 1975. Yeye na mwenzake waliwauliza watu, kabla ya safari za Rais Nixon nchini Uchina na Umoja wa Kisovieti mwaka 1972, wataje uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika safari hizo. Baada ya safari kumalizika, waliwaomba watu wale wale wakumbuke namba walizokuwa wametaja. Mambo yaliyotokea, watu walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoyapa kweli. Akili ikishapata jibu hurudi nyuma na kulipanda katika siku ambazo halikuwepo, kisha ikaona kwamba mti huo ulikuwa pale siku zote. Mwaka 1988, Jonathan Baron na John Hershey waliwapa watu kisa cha daktari aliyeamua kumpasua mgonjwa wa moyo. Kisa kilikuwa kile kile, hatari zile zile, sababu zile zile; tofauti ilikuwa mwisho tu, kwamba katika toleo moja mgonjwa alipona na katika jingine alikufa. Waliosoma kwamba mgonjwa alikufa walisema daktari aliamua vibaya zaidi, ingawa daktari huyo hakuwa na namna ya kuujua mwisho alipochukua kisu.

Upande wa pili wa kosa hili unatisha zaidi, nao tunauona kila siku ufukweni Kituku, bandari ndogo ya Goma. Vita vilipofunga barabara ya kati ya Goma na Minova, mji mdogo wa kando ya ziwa, watu na mizigo wakahamia majini. Mashua zikajazwa kupita kiasi, watu wamekaa juu ya magunia, hakuna jaketi la kuokolea, na mtu aliyeuliza maswali alijibiwa: "Jana tulifika, na juzi tulifika." Jibu hilo lilikuwa la kweli. Kila safari iliyofika salama ilikuwa ushahidi mpya kwamba hakuna hatari, na kadiri bahati ilivyozidi kuwabeba ndivyo walivyozidi kuamini kwamba kinachowabeba ni ujuzi. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu waliokuwa nchi kavu wakiitazama, na makumi ya abiria wakafa maji. Uamuzi wa kupakia vile haukuwa mbaya kwa sababu siku ile watu walikufa. Ulikuwa mbaya siku zote zilizotangulia, zile ambazo watu walishuka wakicheka na kulipa nauli.

Nasema hivi bila kumlaumu abiria. Mama mwenye watoto Minova na biashara Goma, barabara ikiwa imefungwa, hakuchagua kati ya mashua nzuri na mbaya. Alichagua kati ya kupanda na kukosa chakula. Lakini mwenye mashua alikuwa na uchaguzi, na aliyekuwa akiangalia upakiaji alikuwa na uchaguzi, na hao wawili walifundishwa vibaya na safari zilizofika.

Sasa, kama kumbukumbu hudanganya na matokeo hudanganya, mtu ajitafakari kwa kutumia nini? Jibu langu nililipata pale pale Kituku, kwa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambaye tumefahamiana kwa miaka mingi. Aliacha shule darasa la nne. Chini ya meza yake, ndani ya mfuko wa plastiki ili magamba yasiichafue, anaweka kaye, yaani daftari, ya mistari ya wanafunzi. Ukurasa wa kushoto anaandika kabla ya kununua mzigo. Wa kulia anauacha wazi mpaka mzigo uishe. Aliniruhusu kusoma ukurasa mmoja, nami nautoa hapa kwa ruhusa yake, maneno nikiwa nimeyanyoosha kidogo: "Alhamisi. Mwezi unakaribia kujaa. Wavuvi watapata kidogo, bei itapanda. Nanunua beseni tatu badala ya mbili, naanika leo na kesho, natoa Jumamosi asubuhi."

Anayejua ziwa letu ataona kwamba hoja yake ni imara. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa: samaki hufuata mwanga, wavu huinuliwa chini yao. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, samaki hutawanyika, na asubuhi beseni hurudi nusu. Mama huyu alikuwa anauza elimu ya miaka ishirini. Hata hivyo hasara aliipata, kwa sababu Jumamosi hiyo soko lilichelewa kufunguliwa kutokana na salongo, ile kazi ya pamoja ya jumuiya, wanunuzi wa asubuhi wakawa wamekwenda zao, na mchana ikanyesha mvua. Ukurasa wa kulia ulikuwa na mistari mitatu tu. "Mwezi: kweli, bei ilipanda. Mvua: sikuijua. Salongo: nilikuwa naijua."

Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi kuliko vitabu vingi nilivyonunua. Mwanamke mwingine angeondoka na somo kwamba asinunue tena beseni tatu mwezi unapojaa, na angejinyima faida kwa miaka. Yeye alipima sababu yake ya kwanza akaiona ni nzima, akaiacha mvua iende na lawama zake, kisha akakamata kitu kimoja kilichokuwa mikononi mwake, yaani kazi ya jumuiya ambayo siku yake inajulikana na mji mzima na ambayo yeye hakuifikiria. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua kuandika ilhali mzigo ni huo huo kila wiki, alijibu akiendelea kupepeta: "Mwanangu, nisipoandika, kichwa yangu inanidanganya." Fischhoff alihitaji tafiti kufika hapo.

Niliichukua desturi yake nikaongeza kitu kimoja, namba. Kila ninapoandika uamuzi ulio mzito kidogo, naandika pia nina uhakika kiasi gani, kwa kumi. Mwanzoni niliona ni mchezo. Mwaka ulipokwisha nilirudi nyuma nikakusanya maamuzi yote niliyokuwa nimeyaandikia tisa, nikakuta kwamba yaliyokwenda kama nilivyotarajia yalizidi nusu kwa kidogo tu. Kwa lugha nyepesi, neno "hakika" katika kinywa changu lilikuwa na maana ya "labda". Hakuna rafiki ambaye angeweza kuniambia hivyo nikamwamini, na hakuna mzee wa ukoo ambaye angekuwa na ushahidi. Niliusoma kwa mwandiko wangu mwenyewe. Tangu hapo, ninapojisikia kusema "hakika" mbele ya mke wangu au kazini, hunijia sura ya kurasa zile nami hushusha sauti. Sijui kama hilo ndilo wengine wanaloliita kukomaa, lakini nyumbani limepunguza ugomvi.

Mtu anaweza kuuliza kama haya ni mageni kwetu. Kujihoji jioni ni jambo la kale katika dini zetu. Waislamu wanalo neno muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake, na wanasimulia wasia wa Khalifa Umar kwamba tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Wakatoliki, hasa waliopita katika mikono ya Wajesuiti, walifundishwa kufunga siku kwa kuipitia upya mbele ya Mungu, kama alivyoelekeza Ignasi wa Loyola katika karne ya 16. Nazithamini desturi hizo na moja ninaifuata. Lakini namna tunavyozitumia wengi wetu, hutafuta dhambi: nani nimemkosea, wapi nimesema uongo. Ni kazi njema na haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na moyo safi kabisa na akaamua vibaya kila wiki, akiharibu maisha ya watoto wake kwa nia njema. Kuna swali moja ambalo dhamiri pekee haiulizi: nilipoamua leo, nilikuwa najua nini, nilikuwa nimekataa kujua nini, na nilikuwa na haraka ya nani?

Hiyo haraka ya nani imenifunulia mengi. Nilipopitia kurasa zangu niliona kwamba maamuzi yangu mengi mabaya yana kitu kimoja: nilikuwa naamua mbele ya mtu anayesubiri. Mwuza kiwanja aliyesema kuna mnunuzi mwingine yuko njiani. Jamaa aliyekuja saa mbili usiku kukopa fedha za likelemba, mchango wa zamu wa kikundi, huku machozi yakimlenga. Sikuwa mjinga katika nyakati hizo; nilikuwa na aibu ya kusema "nitakujibu kesho". Siku hizi sentensi hiyo naisema, na niliowaudhi ni wachache kuliko nilivyoogopa.

Kuna pia njia ya kujihoji mbele badala ya nyuma, nayo imenisaidia hasa katika mambo ya kikundi. Mtafiti wa maamuzi Gary Klein aliieleza mwaka 2007: kabla ya kuanza mradi, watu wakae na wajiambie kwamba mwaka umepita na mradi umekufa kabisa, kisha kila mmoja aandike sababu za kifo hicho. Ukiwauliza watu "je, kuna hatari?", heshima huwafunga midomo, kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana anamwombea mwenyekiti mabaya. Ukiwaambia "umekwisha kufa, tueleze ulikufaje", ulimi hulegea, na yule kijana wa mwisho kwenye benchi ambaye hasemi kamwe ndiye husema kwamba mtunza fedha anakaa peke yake na mlango wa nyuma wa nyumba yake haufungiki. Katika likelemba yetu tulifanya hivyo jioni moja kwa dakika kumi na tano. Tulibadilisha mahali pa kuweka sanduku wiki iyo hiyo.

Nafika sasa kwenye pingamizi ninalolisikia kila ninapozungumza habari hizi, nalo ni zito. "Wewe unatuambia tuandike maamuzi, na hapa vita ndivyo vinavyoamua." Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga milango, na mtu aliyekuwa ameweka akiba kwa uaminifu kwa miaka kumi akajikuta sawa na yule ambaye hakuweka hata faranga moja. Mtu kama huyo ukimpelekea kaye na kalamu anaweza kuona unamdhihaki. Naelewa hasira yake, na naongeza kwamba umaskini wenyewe unakula nafasi ya kufikiri. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu nchini India: mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekwisha, kuliko baada ya mavuno. Akili ilikuwa ni ile ile. Ilikuwa na wapangaji wengi mno.

Lakini nikilifuata pingamizi hilo mpaka mwisho linanirudisha pale nilipoanza. Mahali ambapo bahati ni ndogo, matokeo ni mwalimu wa kuaminika: fundi wa viatu akishona vibaya kiatu kinafumuka, naye anajua. Mahali ambapo bahati ni kubwa, ambapo mlima, ziwa na bunduki vinaweza kugeuza uamuzi bora kuwa msiba na uzembe kuwa ushindi, matokeo hayasemi karibu chochote kuhusu sisi. Yule mwenye akiba hakukosea kuweka akiba. Akijilaumu na kuacha kuweka kabisa, vita vitakuwa vimemnyang'anya mara mbili, kwanza fedha na kisha busara yake. Akitafakari vizuri anaweza kuona jambo moja dogo lililokuwa ndani ya uwezo wake, kwamba akiba yote ilikuwa mahali pamoja, na akalirekebisha bila kuitupa tabia nzima. Kama kuna mji ambao watu wake wanahitaji kujipima kwa namna walivyoamua na siyo kwa yaliyowapata, ni huu wetu. Watu wamebeba hapa hatia nyingi ambazo si zao. Nimemsikia mama akisema kwa miaka kwamba alimuua mwanawe kwa kumtuma dukani, siku ambayo bomu liliangukia barabara iliyokuwa salama asubuhi yote.

Basi desturi hii iwe nyepesi, maana nzito haitadumu. Mistari minne inatosha, na iandikwe baada ya kula, si kabla. Na kwa kuwa tunaishi tunapoishi, sishauri mtu kuandika majina, kiasi cha fedha au mahali zilipo. Kaye inaweza kusomwa na macho ambayo hukuyakusudia. Mimi hutumia alama ambazo mke wangu pekee anazijua. Asiyeweza kuandika amwambie mtu mmoja anayemwamini kabla ya kutenda: naamua hivi, kwa sababu hii, nikiogopa hili. Masikio ya shahidi yanatosha kuzuia kumbukumbu isijipambe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, nasi tumezoea kuona majuto hayo kama ndiyo tafakari. Lakini majuto huja yenyewe bila kuitwa, na huja yakiwa tayari yameshajua mwisho wa hadithi. Tafakari ninayoitetea hapa huandikwa kabla mwisho haujafika.

Wiki chache zilizopita yaya alinijia nyumbani. Binti yake amemaliza masomo ya sekondari na anataka kwenda Bukavu kusoma uuguzi, na ukoo ulikuwa ukimsubiri yeye aseme neno. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2021 hakuja na jibu. Nilimwekea kaye mezani, nikamwomba aandike kama anavyoona, na asinionyeshe akipenda. Aliandika taratibu, kama mtu anayejaza hati ya serikali, akaweka namba sita kwa kumi na sababu zake: ada, shangazi anayekaa Kadutu huko Bukavu, ukweli kwamba msichana mwenyewe anataka. Alipofika mahali pa kuandika anachoogopa, alisimamisha kalamu muda mrefu. Aliandika "mashua". Kisha akaniuliza kama najua zinabeba watu wangapi kwa kawaida na kama kuna jaketi za kutosha, nami nikamwambia sijui. Alifunga kaye, akavaa koti lake, akashuka bandarini kuuliza.